Kisima Alichokifunga Baba

Aliyesababisha kisima cha nyumba yetu kifungwe, na aliyesababisha kifo cha baba yangu, ni mtu mmoja: marehemu Bwana Nasoro, mwenye ghorofa iliyopakana na nyumba yetu katika Mji wa Kale wa Mombasa. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asipate taabu ya kutafuta. Nilifanya kazi ya masjala katika ofisi ya serikali mpaka maradhi ya macho yaliponilazimisha kustaafu kabla ya wakati, na vijana waliowekwa chini yangu niliwafundisha kuandika kwanza nani alitenda, kisha alitenda nini. Leo natumia kanuni hiyo kwa jambo la nyumbani kwetu.

Hivi karibuni nilikwenda Mji wa Kale kutoa mkono wa tanzia kwa watoto wa Bi Mishi, aliyekuwa jirani yetu nilipokuwa mdogo. Nilipopinda kuingia katika uchochoro wetu, harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Ilikuwa harufu ya chokaa iliyorowekwa, kali kidogo puani, yenye ubaridi wa jiwe lililomwagiwa maji. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya baba. Niliifuata nikitabasamu, nadhani, kwa sababu sikumbuki nilikuwa na uso gani mpaka pale nilipoinua macho. Mahali palipokuwa na bomba letu la maji pametiwa mfereji mpya unaong'aa, na juu yake, plasta ikiwa bado mbichi pembeni, limepachikwa bamba la marumaru. Bamba linasema kwamba maji hayo ni sabili, sadaka ya maji, kwa ajili ya Bwana Nasoro, “aliyewarudishia majirani maji waliyonyimwa.”

Waliyonyimwa! Nani aliwanyima halikutajwa, wala halikuhitaji kutajwa. Nyinyi wa rika langu mliokulia uchochoro ule mnajua jina linalokusudiwa: la baba yangu. Nilishika ukuta. Mwanamke mmoja aliyekuwa akijaza mtungi aliniuliza kama naumwa.

Baba yangu, Fundi Athmani, alikuwa mwashi. Kazi yake ilikuwa kuzitengeneza zile nyumba za mawe ya matumbawe ambazo kuta zake huliwa na chumvi mpaka zianze kumwagika kama unga. Alijua kuroweka chokaa, kuichuja, kuiacha itulie, na kuipaka kwa mwiko kwa mkono mwepesi kama anayempaka mtoto mafuta. Mikono yake ilikuwa imepasuka pasuka kwa ukali wa chokaa hiyo, na kila jioni mama aliisugua kwa mafuta ya nazi huku akimgombeza, “Baba Maryamu, hii ni mikono au magome?” Naye hujibu, “Magome yenye kuleta unga, mke wangu.” Alifanya kazi Liwatoni, alifanya kazi Makupa, alifanya popote alipoitwa, na akirudi hukuta bibi mmoja mzee kamngoja barazani kwa sababu dari yake inavuja. Alikwenda. Malipo yake mara nyingi yalikuwa kikombe cha kahawa na dua ndefu, na mama alizoea kuuliza kama dua zile zapikika.

Miaka ile, nadhani mnakumbuka, mifereji ya mji ilikuwa ikikauka hata ikaota buibui. Maji yaliletwa kwa mikokoteni na kuuzwa kwa bei aliyoitaka mwenye mkokoteni. Nyumba yetu ilikuwa na kisima uani, maji yake yana chumvi kidogo lakini safi. Tatizo lilikuwa kwamba ua wa nyumba ni mahali pa wanawake, na mwanamume wa njiani hawezi kupitapita humo na ndoo. Watu wengi wenye visima walitosheka na udhuru huo. Baba hakutosheka. Alijenga birika la mawe upande wa ndani wa ukuta wa nje, akatoboa ukuta, akapitisha bomba lenye kizibo mpaka uchochoroni. Kila alfajiri akitoka msikitini aliteka maji mpaka birika lijae, ndipo anywe chai aende kazini. Aliyekuja na chombo chake alifungua, akajaza, akafunga. Hakutuona, nasi hatukumwona.

Lakini tuliwasikia. Nilipenda kuketi nyuma ya ukuta ule, mgongo wangu ukihisi ubaridi wa birika, nikiwatambua watu kwa sauti. Mwenye sauti kubwa kuliko wote alikuwa Bi Rukia wa nyumba ya mbele.

“Fundi! Maji ya leo mbona yamechelewa kama bwana harusi?”

“Yalikuwa yakikungoja uamke, Bi Rukia.”

“Kwenda zako! Mimi niliamka kabla ya jogoo.”

“Basi jogoo ndiye tumlaumu.”

Wanawake wote walicheka, na mimi nikacheka peke yangu upande wa pili. Niliamini kwamba mji mzima unaishi kwa sababu baba yangu ana kamba na ndoo.

Kisha ikaja masika ya mvua nzito, iliyonyesha mpaka kuta zikatoa jasho kwa ndani. Maji ya kisima yalipanda. Asubuhi moja nilimwona baba akiinusa ndoo, akayaonja maji kwa ncha ya ulimi, akayatema, akayamwaga. Alinipa pesa akanituma dukani ninunue buluu, ile ya kufulia ambayo mama alitilia maji ya mwisho ya kanzu za Ijumaa ziwe nyeupe kama maua ya mwasumini. Kwa kawaida tulinunua kipaketi kimoja. Siku hiyo aliniambia nichukue vyote vilivyopo.

“Babako yuataka kufua bahari?” mwenye duka aliniuliza.

Baba alivipokea vile vipaketi, akavitia mfukoni, akatoka. Siku chache baadaye, nikiwa nimesimama kando yake, ndoo ilitoka kisimani na maji yaliyokuwa na rangi ya mbingu. Niliona vizuri sana. Macho yangu wakati huo yalikuwa mazima. Baba aliitua ndoo, akaketi chini pale pale penye majimaji, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Akili yangu ya kitoto iliunganisha jambo na jambo: buluu alinunua yeye, na buluu imo kisimani. Niliona kwamba baba yangu ameyaharibu maji kwa makusudi, na kwamba sasa anaumwa kichwa kwa dhambi hiyo.

Siku ile ile aliondoa kamba na ndoo. Akaweka bamba la jiwe juu ya mdomo wa kisima, akapaka chokaa pembeni kulizunguka, akaliziba lile bomba. Asubuhi iliyofuata Bi Rukia aligonga ukuta kwa kikombe.

“Fundi! Maji!”

“Kisima kimefungwa, Bi Rukia.”

“Kimefungwa na nani?”

“Na mimi.”

“Kwa sababu gani?”

Nilikuwa nyuma ya baba. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka.

“Nimetaka.”

Kisha sauti ya Bi Rukia ikapanda, haikuwa tena na mzaha ndani yake: “Sikieni jamani! Ametaka! Watu hawana hata maji ya kutawadha, yeye ametaka! Haya, Fundi, yanywe peke yako, uyaogee, uyalalie!”

Tangu siku hiyo baba alipita uchochoroni akisalimu na salamu zikarudi nusu. Madrasa, wasichana waliniita Binti Kiangazi. Wakiniona naja, waliramba midomo yao kama wenye kiu, kisha wakaangua kicheko. Mama alinunua maji ya mkokoteni kama watu wote, na hilo nalo likawa la kusemwa: wana kisima, na bado wanunua, ubahili gani huu hata kwa nafsi zao? Hakuna aliyesimama akalijibu swali hilo. Mimi mwenyewe sikuwa na jibu, ila ile buluu niliyoiona, ambayo niliifungia moyoni kama jipu.

Baada ya hapo baba alibadili desturi yake ya jioni. Akirudi kazini hakukaa. Alibeba karai la mawe na chokaa, akapita mlango wa nyuma, na hakurudi mpaka karibu na magharibi. Alasiri moja mama alinipa chupa ya chai.

“Mpelekee babako kwa Bi Mishi. Pitia nyuma. Ukiulizwa, hujui.”

Bi Mishi alikuwa mjane mwenye mabinti wadogo, mpangaji wa chini katika ghorofa ya Bwana Nasoro. Alikaanga mahamri, na nusu ya uchochoro ilifungua kinywa asubuhi kwa mahamri yake. Hayo ndiyo yaliyomlipia kodi na kuwavika wanawe. Niliingia uani kwake. Uvundo ulinipiga nikarudi nyuma hatua moja. Mfuniko wa choo cha shimo ulikuwa umeondolewa, ardhi imechimbwa pembeni, na ndani ya shimo lile, katika uchafu uliomfika kiunoni, alikuwa amesimama baba yangu.

Sijui niseme vipi ili nifahamike. Huyu ni mtu ambaye kanzu yake ilifukizwa udi. Ni mtu ambaye akiguswa na tope la njiani hurudi nyumbani kuosha mguu kabla ya kwenda msikitini. Alikuwa na kitambaa usoni, mwiko mkononi, na alikuwa akipanga mawe kwenye ukuta wa shimo upande unaoelekea kisima chetu, jiwe baada ya jiwe, akiyashindilia chokaa. Bi Mishi alikuwa juu akimpa mawe huku akilia bila sauti. Chupa ya chai iliniponyoka ikavunjika.

Baba aliinua macho. Kabla hajasema neno, mlango wa mbele ulifunguliwa na akaingia Bwana Nasoro, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, leso puani.

“Fundi Athmani! Nani kakupa ruhusa kuvunja nyumba yangu?”

“Siivunji, bwana. Naijengea shimo lake ukuta,” baba alisema kutoka chini. “Nilikuja kwako nikakwambia. Shimo hili mafundi wako hawakulijengea. Wametia mapipa ya chuma, na mapipa yameoza. Nilitia buluu humu, nikaiteka kwenye kisima changu.”

“Nami nilikujibu nini?”

Baba alipokea jiwe jingine kwa Bi Mishi, akalipanga.

“Nilikujibu kwamba mimi siishi hapa. Mimi napokea kodi. Kama maji yako yananuka, funga kisima chako. Ama nimfukuze huyu mama. Mpangaji mwingine nitampata kabla jua halijachwa. Na ukitangaza, Fundi, nami nitatangaza. Nitawaambia watu waliokuwa wakiteka maji yako kwamba uchafu waliokunywa ni wa Mishi. Tuone nani atanunua hamri lake kesho.”

“Ndiyo maana sikutangaza,” baba alisema.

Bwana Nasoro alilitazama shimo, akaitazama ile kazi. Naapa niliona akipiga hesabu usoni mwake.

“Basi malizia. Lakini ukitoka humo usiniletee gharama. Sikukuita.”

Akaondoka. Mambo haya sikuhadithiwa. Nilikuwapo, nilisimama karibu na yule mtu kiasi cha kuyasikia manukato ya leso yake.

Jioni ile baba alioga kwa muda mrefu, kwa maji ya kununua. Kisha akaniita barazani, akaniweka kando yake.

“Umeona nini leo, Maryamu?”

“Nimekuona wewe.”

“Basi umeniona mimi tu. Mahali hukupaona.”

“Kwa nini hukuwaambia tu maji yameharibika?”

“Wangeuliza yameharibiwa na nini. Na choo kilichogusana na kisima chetu ni kimoja tu, mwanangu. Bi Mishi atawatazama watu kwa uso gani?” Alinivuta karibu. “Nikimaliza ukuta, tutayateka haya maji yote tuyamwage, tukioshe kisima, tukifungue. Watacheka wenyewe. Bi Rukia ataniita bwana harusi tena.”

Nilimwegemea. Sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda baba jioni ile, na jipu la buluu lilipasuka na kukauka hapo hapo.

Ukuta aliumaliza. Lakini katika kutoka shimoni mara ya mwisho, mguu wake ulichanwa na ukingo wa moja ya yale mapipa yaliyooza. Aliuosha, akaufunga kitambaa, akaenda kazini. Baada ya siku kadhaa alisema shingo imekaza, kama aliyelalia vibaya. Kisha alishindwa kufungua kinywa kula. Asubuhi mama alikimbilia nje kutafuta gari la kumpeleka hospitali, nami nikaachwa chumbani naye. Alikuwa amelala chali, na alikuwa akinitabasamia. Tabasamu pana, meno yote nje, ambalo sijawahi kuliona usoni mwake. Nilifurahi. Nilimwambia, “Baba, umepona!” Nikamsimulia habari za madrasa, nikacheka ili acheke nami. Tabasamu halikuondoka wala halikuongezeka, na macho yake yalikuwa yakitiririka machozi. Sikujua kwamba ni pepopunda iliyokuwa ikiukaza uso wake, na kwamba alikuwa katika maumivu ambayo simtakii adui. Mpaka leo nikiona mtu anatabasamu muda mrefu kupita kiasi, moyo wangu hupiga.

Hakurudi kutoka hospitali ila kwa kubebwa.

Watu walikuja, kwa sababu mazishi ni mazishi. Wanawake walijaa nyumba nzima mpaka uani, wengine wameketi juu ya lile bamba la jiwe lililofunika kisima. Nilikuwa nimejikunja mapajani mwa mama. Na hapo ndipo niliposikia, kwa sauti ambayo haikukusudia kunong'ona sana, Bi Rukia akimwambia mwenzake:

“Alifunga maji ya watu, na Mungu kamfunga kinywa.”

Bi Mishi alikuwa ameketi karibu yetu. Nilimwona akiinuka nusu, uso umemwiva, kinywa wazi. Alitaka kusema. Mama aliunyosha mkono wake akamshika kwa nguvu, akamketisha.

“Nyamaza, Mishi.”

“Sikubali! Rukia hajui—”

“Hajui, na asijue. Marehemu aliyataka mwenyewe. Wataka kujivua sitara aliyoifia?”

Bi Mishi aliketi. Akaingiza kona ya leso yake kinywani akaiuma. Na maneno ya Bi Rukia yakabaki ndiyo maelezo ya kifo cha baba yangu: yakatoka nyumbani mwetu pamoja na waombolezaji, yakaenea mji, yakakua, yakaoa na kuzaa. Nimekutana nayo nikiwa msichana, nikiwa mke, nikiwa ofisini. Mtu mzima aliyesoma aliwahi kuniuliza mezani kwangu, kwa upole, kama ni kweli kwamba baba yangu alikufa kwa laana ya maji.

Mama hakuwa na uwezo wa kukisafisha kisima. Nyumba iliuzwa warithi wagawane, ikapita mikono, na mwishowe ikanunuliwa na watoto wa Bwana Nasoro. Mama alikufa hajasema. Mimi pia nilinyamaza, kwa amri ya wazazi wawili.

Amri hiyo imeondolewa na mwenye haki ya kuiondoa. Bi Mishi, katika ugonjwa wake wa mwisho, aliniita kitandani. Mahamri yale yalikuwa yamesomesha mabinti wake wote, nao walikuwa wamesimama kumzunguka.

“Maryamu,” alisema, “babako alinisitiri hata wanangu wakawa watu. Imetosha. Nikishazikwa, sema. Sema jina langu, sema choo changu, usifiche. Hawa wanangu wamesikia.”

Mabinti waliitikia, mmoja mmoja. Nilikwenda kutoa tanzia nikidhani nitasema polepole, kwa wachache, kwa adabu. Kisha nikaliona lile bamba la marumaru.

Kwa hiyo, kwa maandishi haya, mimi Maryamu binti Athmani ninawataka watoto na warithi wa Bwana Nasoro, pamoja na wazee wa mtaa walioliombea dua bamba lile lilipopachikwa, wasimame Ijumaa moja baada ya sala, uchochoroni, watu wakiwapo, na watoe jibu kamili kwa mambo yafuatayo: nani aliamuru shimo lile litiwe mapipa badala ya kujengewa, kama Bwana Nasoro aliarifiwa au hakuarifiwa, alijibu nini alipoarifiwa, na kwa ushahidi wa nani wameandika kwamba majirani walinyimwa maji. Wakiwa na shahidi aliyeona kinyume na nilivyoona mimi, na wamlete, tusimame naye uso kwa uso. Wasipokuwa naye, wakiri hadharani kosa la mzazi wao na walifute neno lile “waliyonyimwa.” Sipokei barua, wala salamu za kutumwa, wala kuitwa pembeni kwa maelewano. Ninadai jibu la mdomo, kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa uchochoro, kwa sababu baba yangu alipofika mahali pa kujitetea kinywa chake kilikuwa hakifunguki.